Kula Kwanza, Madam

Mimi sikuzaliwa kukimbia. Nimezaliwa Malindi, na kwetu mtu mzima akionekana anakimbia asubuhi, majirani hutoka nje kuuliza nani kafa. Lakini madam wangu wa Riyadh alikuwa amewaona Wakenya kwenye televisheni wakivishwa medali, na tangu siku hiyo akaamini kwamba ndani ya nyumba yake anaishi mwanariadha, na kwamba miaka yote niliyomfulia na kumpikia nilikuwa namficha tu.

"Wewe Kenya," aliniambia, akininyooshea viatu vyake vya zamani vya michezo. "Wewe nifundishe kukimbia."

Nilivipokea kwa mikono miwili, nikasema shukran, kisha nikaenda navyo chumbani nikavikagua ndani na nje. Sijui nilikuwa natafuta nini. Ninachojua ni kwamba katika nyumba ile hakuna kitu nilichopewa kikaja peke yake. Nikipewa gauni, kesho kuna karamu. Nikipewa kipande cha keki, mama mkwe wake anakuja kukaa mwezi. Sasa viatu? Nilivivaa, vikanibana vidole.

Siku zile nilikuwa na jambo moja tu moyoni, nalo ni kwenda nyumbani. Mkataba wangu ulikuwa unaisha. Bosi, mume wa madam, ndiye kafili wangu, mdhamini wa kibali changu, na ndiye aliyekuwa na pasipoti yangu kabatini, na alikuwa ametamka kwa mdomo wake kwamba mwisho wa mwezi nitapanda ndege. Binti yangu nilimwacha kwa mama yangu akiwa hajaanza hata kutembea. Tangu hapo ananijua kwa simu, na kwenye simu mimi ni uso tu, kuanzia kidevu kwenda juu, kwa sababu huongea naye nimeiegemeza simu kwenye kabati la jikoni huku nikikata vitunguu.

Siku moja aliniuliza, kwa sauti ya mtu aliyelifikiria jambo kwa muda mrefu, "Mama, wewe una miguu?"

Mama yangu, aliyekuwa amemshikia simu, alicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka, halafu nikaenda bafuni nikakaa kidogo. Ningeweza kumwonyesha palepale, lakini nilikataa. Nilimwambia asubiri, mwisho wa mwezi ataiona yenyewe ikishuka kwenye tuktuk mlangoni kwa bibi. Kwa hiyo jambo lolote lililoonekana linaweza kuizuia safari hiyo, mimi nililisikia harufu likiwa bado mbali.

Na mbio zile zilinuka tangu siku ya kwanza. Tulikuwa tukitoka baada ya sala ya alfajiri, jua halijawa kali, tukienda kwenye njia ya waenda kwa miguu karibu na nyumba. Madam alikuwa na baibui lake la michezo lenye zipu, na mimi nikimfuata nyuma nikihema kama niliyebeba gunia. Alipogeuka kuniangalia, nilimwona anasikitika. Nilimwambia Kenya tunaanza polepole. Alikubali, maskini, na yeye akaanza polepole.

Lakini tulipofika kwenye mabenchi aliniambia, "Wewe pumzika," akasogea mbali na simu yake. Akaongea kwa sauti ya chini, ameziba mdomo kwa kiganja. Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Nikajisemea, haya, huyu ana mwanamume, na mimi ndiye kisingizio chake cha kutoka nyumbani. Siku bosi atakapojua, ataulizwa nani? Ataulizwa yule aliyekuwa akitoka naye. Nilianza kuyaogopa mabenchi yale kuliko mbio zenyewe.

Kuna asubuhi alirudi kutoka kwenye simu macho mekundu, na hatukukimbia tena. Tulitembea. Alinisimulia, bila mimi kumuuliza, jinsi alivyoolewa. Baba yake ni mtu wa Jizani, kule kusini, aliyehamia Jeddah zamani. Siku wazee wa bosi walipokuja kutoka Riyadh walikaribishwa, wakamiminiwa kahawa. Baba mkwe akakiweka kikombe chini mbele yake asikiguse. Kwao hiyo ni desturi. Mgeni asiyekunywa wala kula ana haja, na hatatia kitu kinywani mpaka mwenye nyumba aikubali. Na mwenye nyumba akishasema kunywa, basi amekubali, hata kama haja hiyo haijatajwa bado, na kurudi nyuma ni aibu kubwa.

"Mimi nilikuwa nyuma ya mlango," madam alisema. "Nikamsikia baba anasema, kunywa kahawa yako. Halas, imekwisha. Nikawa nimeolewa."

Nilimwambia pole. Moyoni nilijiuliza kwa nini ananieleza mimi mambo ya ndani namna hii, mimi ambaye jana yake alinifokea kwa sababu ya soksi.

Halafu ikaja safari ya Jeddah. Shule zilifungwa siku chache, madam akasema tunakwenda kwa wazazi wake, yeye, watoto wawili na mimi, na bosi atabaki kazini. Nilipoanza kupakia nikaona madam anaweka makoti ya baridi sandukuni. Makoti, kwenda Jeddah, ambako hata ukuta unatoa jasho! Nikamuuliza mimi nichukue nguo ngapi. "Nyingi," akasema, na hakuniangalia.

Aliyetuendesha ni dereva wa nyumba, Mkenya mwenzangu kutoka upande wa Eldoret, mkoa wa wakimbiaji wenyewe. Yeye madam hakumwomba amfundishe kukimbia hata siku moja, kwa sababu ya kitambi chake. Kabla ya kuwa dereva alikuwa akibeba mizigo kwenye maghala ya Al-Sulay, na anasema huko alisikia visa vyote vya Wakenya wote. Tuliposimama njiani kujaza petroli, madam na watoto wakiwa dukani, nilimweleza yote, viatu, simu, makoti.

"Sista, hapo kuna kitu," alisema. "Bosi akianza kukuchekea, wewe anza kupanga nguo."

"Kitu gani?"

"Unaachwa Jeddah. Kuna mama nilimpata Sharafiya, mtaa wa hukohuko Jeddah, alikuja na familia holidei, ametoka Riyadh kama wewe. Wakampeleka beach, wakamnunulia aiskrimu. Aiskrimu, sista! Asubuhi anaamka, familia imeenda, yeye ameachiwa dada ya madam. Likizo mafi, hakuna. Akiuliza ikama yake, ile kadi ya ukaazi, iko wapi, anaambiwa ngoja."

Nilimwambia aache kunitisha. Lakini kuanzia hapo mpaka Jeddah sikusinzia hata kidogo, nikaiangalia shingo ya madam kiti cha mbele kana kwamba ingeniambia kitu. Nyumbani kwa wazazi wake nilihesabu wazee. Mama yake anatembea kwa fimbo. Baba yake haoni vizuri. Msichana wa kazi waliyekuwa naye, Mhabeshi, nilisikia ameondoka. Basi, nikasema, kazi yangu hii hapa, inanisubiri.

Asubuhi ya pili madam aliniamsha tukakimbie kwenye Kornishi, ile njia ya ufukweni. Kulikuwa na unyevu wa kukamulika. Watu wa kule wanakimbia wakiwa wameshaloa kabla hawajaanza. Lakini kilichonitoa jasho mimi ni kwamba madam hakuja na simu. Aliiacha nyumbani. Na hakutangulia. Alikimbia ubavuni mwangu, mwendo wangu, ule wa gunia, mpaka mwisho wa ukuta wa bahari na kurudi. Mtu akibadilisha tabia zote mbili siku moja, utasema nini?

Tuliposimama akasema, "Leo tutakula samaki. Chakula cha kwetu kusini. Mimi na wewe."

"Na watoto?"

"Mimi na wewe peke yetu."

Miaka yote niliyokaa kwake sikuwahi kula naye mkeka mmoja. Nilikula jikoni, baada yao, na sikulalamika, kwa sababu jikoni nakula ninavyotaka. Sasa ghafla tunakwenda mkahawani wawili kama mashoga. Dereva alitufikisha upande wa kusini wa mji, kwenye mkahawa wa watu wa Jizani, na niliposhuka alinitazama kwenye kioo akatamka bila sauti neno moja. Nililisoma vizuri kwenye midomo yake. Aiskrimu.

Mlangoni samaki walikuwa wamelazwa kwenye barafu, nawe unachagua mwenyewe. Madam alisimama nyuma yangu.

"Chagua wewe," alisema. "Leo mimi ni mgeni wako."

Sikuelewa ana maana gani, ila samaki ninamwelewa. Muuzaji akanionyesha mmoja mwenye macho yaliyoingia ndani nikamwambia huyo ampelekee mama mkwe wake. Nikafungua mashavu, nikabonyeza mgongo, mpaka nikampata chewa mwenye macho ya kung'aa, mashavu mekundu, mgumu kama anataka kubishana. Nikachukua na kamba wachache. Kwa dakika zile, nakiri, nilisahau kushuku. Muuzaji aliniuliza mimi ni wa wapi, nikamwambia wa pwani, akamwambia mwenzake, huyu tusicheze naye.

Tulipewa chumba kidogo chenye pazia, mkeka na mito ya kuegemea. Madam akavua ushungi wa usoni. Mfanyakazi akatandika nailoni katikati, akatuachia maji. Tuliponawa madam akasema, "Nina jambo nataka kukuomba," na hapohapo mfanyakazi akabisha nje ya pazia. Madam akajifunika, samaki akaingia.

Nimekula samaki maisha yangu yote, lakini yule nitamkumbuka. Walikuwa wamempasua mgongoni wakamfungua kama kitabu, wakampaka viungo, wakambandika kwenye tanuri la udongo mpaka ngozi ikawa nyeusi nje na nyama nyeupe ndani ikawa inatoa maji yake. Kulikuwa na mkate wa mtama bado moto, pilipili iliyosagwa na nyanya, na bakuli la mkate uliopondwapondwa na ndizi mbivu, ukamwagiwa samli na asali. Harufu ilipanda. Nilikuwa nimekimbia tangu alfajiri, nimepewa kikombe cha chai tu. Tumbo likanguruma mpaka madam akasikia.

Akaichambua nyama ya shavuni, ile anayopewa mkubwa wa nyumba, akaisukuma upande wangu. Kisha akairudisha mikono yake mapajani akakaa.

"Madam, huli?"

"Kula wewe."

"Sema basi hilo jambo."

"Baadaye. Kula."

Sasa niseme jinsi nilivyolelewa. Kwetu mambo mawili hayafanywi. La kwanza, huli mbele ya mtu ambaye hali. Utamkaribisha, utamlazimisha, hata kwa kumshika mkono. La pili, ambalo mama yangu alinikanya tangu nikiwa mdogo, hukigusi chakula cha mtu anayekupa huku yeye mwenyewe hatii mkono. Kwetu mtu hulishwa. Anatiliwa kitu, anakula, na baada ya hapo anaitikia ndiyo kwa kila anachoambiwa. Wanaume wengi wa mtaani kwetu wamelishwa, na ukiwaona utajua. Nikamtazama madam, mikono mapajani, macho kwangu, hali wala hanywi hata maji. Nikajisemea, ndiyo hii. Nitakula, nitaambiwa baki Jeddah, na nitasema ndiyo huku nacheka.

"Kula kwanza, madam," nikasema.

Alishtuka. "Unasema nini?"

"Nasema kula. Wallahi sitii mkono wangu mpaka wewe ule."

"Hujasikia ninachotaka kukuomba."

"Hata kama. Kula. Na maji kunywa."

Aliniangalia kama ninayemkabidhi mtoto. "Una hakika?"

"Kula, halas!" Nilikuwa nimeshakasirika.

Basi akala. Alimega mkate, akachukua nyama upande wa tumbo, akatia kinywani, akatafuna machozi yakimtiririka bila sauti. Akanywa maji gilasi nzima. Mimi nikamngojea kidogo nimwone kama atageuka rangi, kisha nikala shavu langu. Lilikuwa tamu sana. Nilikula kama watu wawili. Yeye alikuwa akinitazama na kujifuta macho kwa kona ya ushungi, akisema Mungu akulinde, Mungu akulipe, na mimi nikiitikia amina na kamba mdomoni bila kujua naitikia nini.

Halafu akaanza kueleza, kwa Kiarabu cha taratibu ili nisipotee. Harudi Riyadh, ndiyo maana ya makoti. Anabaki kwa baba yake, anataka talaka, na wale aliokuwa akiongea nao pale kwenye mabenchi ni kaka yake na wakili, kwa sababu nyumbani kuna kamera na mama mkwe haishi kuja. Watoto itabidi warudi kwa baba yao, shule iko kule, mpaka kesi isikilizwe. Mimi nitarudi nao. Mimi siachwi Jeddah. Anayeachwa Jeddah ni yeye.

"Ukiondoka mwisho wa mwezi, watabaki na bibi yao peke yake," alisema. "Bibi hajui kwamba mdogo hali yai. Hajui kwamba halali mpaka akunwe mgongo. Niliogopa utakataa. Kaa nao mpaka shule zifungwe mwisho wa mwaka. Ndilo nililotaka kukuomba. Na wewe umeniambia kula."

Hapo ndipo kile kikombe cha kahawa kiliponirudia. Mgeni asiyegusa chakula. Leo mimi ni mgeni wako. Chagua wewe. Mikono mapajani. Na mimi, kwa kuogopa kulishwa, nimemlisha yeye.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. "Madam, mimi sikujua! Mimi nilidhani umetia kitu kwenye samaki."

Alinikodolea macho. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekuwa analia. "Kitu gani?"

"Kitu tu."

"Basi kama hukujua, si neno," alisema, akauondoa mkono wake kwenye chakula. "Sema si neno, na mwisho wa mwezi nenda kwa mtoto wako. Sitakulaumu. Hapa hakuna shahidi."

Afadhali angefoka. Kufoka nimekuzoea. Nchi hii nimeambiwa fagia, nimeambiwa njoo, nimeambiwa yalla kutwa mara chungu nzima, lakini sijawahi kuona mtu ameketi mbele yangu ameacha kula kwa ajili ya neno langu. Nilimwonea huruma, na nilimchukia kwa kunifanya nimwonee huruma. Nilimfikiria binti yangu na tuktuk. Nilimfikiria yule mdogo wake, mgongo wake mwembamba, anavyousogeza karibu na vidole vyangu hata akiwa usingizini. Samaki alikuwa bado mtamu, na hilo liliniudhi zaidi.

Nikachukua kipande kizuri kilichobaki, nikatoa miba, nikakiweka upande wake.

"Kula, madam," nikasema. Na mara hii nilijua.

Mpaka leo, nikikuna mgongo wa mtoto wa watu huku Riyadh, hujiuliza kama alinisimulia kile kisa cha kikombe kwa bahati tu, au alikuwa akinitengeneza tangu kwenye mabenchi. Kuna siku nasema hapana, yule alikuwa na uchungu wake tu. Kuna siku navikumbuka vile viatu.

Garini dereva hakungoja hata mlango ufungwe vizuri. Aliniuliza kwa Kiswahili, madam akiwa hapohapo haelewi, "Umeachwa?"

"Sijaachwa. Nimeombwa."

"Hao hawaombi, sista."

Nikaufunga mlango vizuri.

Jioni nilipanda juu ya paa la nyumba ya wazazi wa madam, mahali ambapo simu inashika vizuri, nikampigia mama yangu. Nilimweleza. Akasema sawa, kwa ile sauti yake ya kusema sawa kwa jambo lisilo sawa, akampa mtoto simu.

Sikujua nimwanzeje. Kwa hiyo nikafanya lile nililokuwa nimekataa kulifanya. Nikaigeuza simu nikaishusha polepole, tumbo, magoti, mpaka chini. Vile viatu vya madam nilikuwa nimevivua, vidole vimevimba kwa mbio za asubuhi. Nikavichezesha.

"Unaiona?"

Akasogeza uso karibu na kioo mpaka nikaona pua tu. Akaikagua miguu yangu kwa muda, wa kulia, kisha wa kushoto, na mimi nikangoja, kwa sababu mtoto yule haamini jambo upesi, hilo amelichukua kwangu.

"Ah, kumbe unayo," akasema. "Sasa kama unayo, mbona huji?"